Mgombea wa asilimia mbili na mgombea wa dawa kwanza

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa shule ya upili katika Kaunti ya Kilifi. Wanaotaka viti mwaka 2027 wameanza kupita vijijini. Katika mkutano mmoja niliwauliza wawili wanaotaka ubunge wana msimamo gani kuhusu serikali kugharamia utafiti wa afya na sayansi. Wa kwanza alisema utafiti ni shughuli ya Wazungu, wananchi wanataka dawa hospitalini kwanza. Wa pili alisema chama chake kitatenga asilimia mbili ya pato la taifa kwa utafiti, akapigiwa makofi. Je, majibu haya yana uzito gani? Na mpiga kura wa kawaida amuulize nini mgombea ili aujue msimamo wake wa kweli?

Jibu: Mwalimu, nakushukuru kwa swali hili, na zaidi kwa kuliuliza mbele ya watu, maana ni nadra mno utafiti kutajwa katika mkutano wa kisiasa nchini Kenya. Katika kampeni za 2022 afya ilizungumziwa sana, lakini ilizungumziwa kama suala la bima. Muungano wa Kenya Kwanza uliahidi kuifanyia mageuzi NHIF, bima ya afya ya taifa ya wakati huo, na wapinzani wao wa Azimio wakaahidi mpango walioupa jina la BabaCare, na baada ya uchaguzi tukapata Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 na mfumo wa SHA ulioanza kazi Oktoba 2024. Nani atalipia matibabu ni jambo zito. Nani atalipia kazi ya kujua ni matibabu gani yanayofaa ni jambo jingine, na hilo ndilo uliloliuliza. Majibu uliyopewa yote mawili yana kasoro, ila kasoro zake hazifanani, na kwa maoni yangu jibu lililopigiwa makofi ndilo linalohitaji kuchunguzwa kwanza.

Ahadi ya asilimia mbili haikutoka kwa mgombea huyo wala kwa chama chake. Ni sheria ya nchi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda tume inayotoa vibali vya utafiti, yaani NACOSTI, wakala wa ubunifu, na Mfuko wa Taifa wa Utafiti unaojulikana kama NRF. Kifungu cha 32 cha sheria hiyo kinaeleza kwamba mfuko huo utapewa na serikali, kila mwaka wa fedha, kiasi kinachofikia asilimia 2 ya pato la taifa. Tangu hapo nchi imeongozwa na Rais Uhuru Kenyatta kwa mihula miwili na Rais William Ruto tangu 2022, mabunge matatu yamepitisha bajeti mwaka baada ya mwaka, na mfuko huo haujawahi hata kukaribia kiwango hicho. Kwa hiyo mtu anayekuahidi asilimia mbili anakuahidi kutii sheria ambayo imepuuzwa na serikali za pande zote. Hilo si jambo baya, lakini bado hajakueleza kwa nini yeye ataweza palipowashinda waliomtangulia.

Hebu tulipige hesabu, kwa sababu hesabu hii hakuna anayeifanya jukwaani. Pato la taifa la Kenya kwa mwaka 2024 lilizidi shilingi trilioni 16. Asilimia mbili yake ni takribani shilingi bilioni 320. Sasa linganisha na fedha ambazo bajeti ya taifa ya 2025/26 ilitengea sekta nzima ya afya, ambazo zilikuwa takribani shilingi bilioni 138. Mgombea wako, bila shaka bila kukusudia, ameahidi mfuko wa utafiti ulio zaidi ya mara mbili ya fedha zote ambazo serikali kuu inatengea afya, na hakusema zitatoka wapi: kwa kodi mpya, kwa mkopo, au kwa kupunguza nini. Katika nchi ambayo Mswada wa Fedha wa 2024 uliondolewa kwa sababu ya hasira ya wananchi barabarani, na matumizi ya serikali yakalazimika kupunguzwa kwa bajeti ya nyongeza, ahadi ya bilioni 320 isiyo na chanzo haiwezi kuchukuliwa kama mpango.

Kuna tofauti nyingine ambayo wanasiasa huichanganya, pengine kwa kutoijua. Nchi zinapolinganishwa kwa matumizi ya utafiti, kinachohesabiwa ni fedha zote zinazotumika kwa utafiti nchini, ziwe za serikali, za vyuo vikuu, za kampuni binafsi au za wafadhili wa nje. Korea Kusini, inayokaribia asilimia 5 ya pato lake, hufika huko hasa kwa sababu kampuni zake hulipa sehemu kubwa. Umoja wa Afrika, unaozihimiza nchi wanachama zifikie asilimia 1, nao unazungumzia jumla hiyo. Kwa Kenya, takwimu inayorudiwa kila mara ni takribani asilimia 0.8, na inatokana na takwimu za UNESCO za mwaka 2010, tena karibu nusu ya fedha hizo zilitoka nje ya nchi. Mgombea akisema “tutapandisha hadi asilimia mbili”, muulize kama anamaanisha fedha za serikali peke yake au jumla ya fedha zote, kwa kuwa katika maana ya pili anaweza kujisifia ongezeko ambalo limeletwa na wafadhili huku mchango wa serikali yake ukipungua.

Kama angekuambia kwamba chama chake kitaanza na sehemu ndogo tu ya asilimia moja, kitaipandisha hatua kwa hatua katika miaka mitano, kitaanzia kwa magonjwa fulani anayoyataja, na kitaacha kutumia fedha mahali fulani ili kupata hizo, angepigiwa makofi machache. Mimi ningemwamini zaidi.

Sasa nije kwa yule aliyesema dawa kwanza. Sitaki tumcheke. Mama aliyepanga foleni kutwa nzima kisha akaandikiwa dawa akanunue dukani ana haki ya kumuuliza mwanasiasa dawa ziko wapi kabla hajasikia neno lolote kuhusu maabara. Ila mgombea huyu ametenganisha vitu ambavyo katika wadi ya watoto havitengani, na bahati ni kwamba ushahidi mkubwa wa jambo hili ulipatikana hapo hapo Kilifi.

Kwa miaka mingi, mtoto alipoletwa hospitalini akiwa na homa kali, mikono na miguu imekuwa baridi, mapigo ya moyo yanaenda mbio na rangi ya kucha inachelewa kurudi daktari akiibonyeza na kuiachia, mafunzo ya kimataifa yalielekeza kwamba atundikiwe dripu na aingiziwe maji mengi kwa haraka. Mantiki yake ilionekana wazi: damu haizunguki vizuri, basi jaza mishipa. Katika nchi tajiri, ambako mtoto kama huyo angelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi chenye mashine ya kumsaidia kupumua, hakuna aliyeona sababu ya kulipima hilo. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika kituo cha KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na mfuko wa Uingereza wa Wellcome Trust mjini Kilifi, wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland, waliamua kulipima. Jaribio hilo, lililoitwa FEAST, lilifanyika katika hospitali sita: moja Kilifi, moja Muheza nchini Tanzania, na nne nchini Uganda, na lilihusisha watoto 3,141 katika kundi lake kuu. Kwa bahati nasibu, wengine waliingiziwa maji ya chumvi kwa haraka, wengine maji yenye albumini, yaani protini ya damu, na wengine hawakuingiziwa maji ya haraka ila walipata matibabu mengine yote pamoja na maji ya kawaida ya kuwatosheleza.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kufikia saa 48, walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya watoto waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakuingiziwa maji ya haraka. Yaani matibabu yaliyofundishwa kama ya kuokoa maisha yaliongeza vifo vya takribani watoto watatu katika kila mia. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu tofauti hiyo ilikuwa imejitokeza. Naomba wasomaji wasilichukue hili vibaya: watoto wanaokaukiwa maji kwa kuhara hawakuwemo katika jaribio hilo, na kwao maji bado ni tiba ya lazima. Lakini kwa mtoto mwenye homa kali na dalili nilizozitaja, jibu lililotoka Kilifi, Muheza, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor liliwalazimisha madaktari wa dunia nzima kufikiri upya.

Mueleze mgombea wako hivi: dripu ilikuwepo, muuguzi alikuwepo, na mtoto alifika hospitalini. Serikali ingetimiza ahadi yake ya “dawa kwanza” kwa kununua dripu nyingi zaidi na kuzisambaza katika kila hospitali, ingewadhuru watoto wale wale iliotaka kuwaokoa. Mfano mwingine mdogo uko katika mashamba ya kaunti yako. Dawa ya sumu ya nyoka inayotumika nchini huagizwa kutoka nje, na katika baadhi ya nchi za Afrika kumewahi kununuliwa dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa India ambayo haikuwafaa waliong'atwa na nyoka wa huku. Mbunge anayetaka dawa ya nyoka iwepo katika zahanati, naye afanye hima kujua ni ipi inayomfaa mkulima aliyeng'atwa na bafe, na kazi ya kujua hilo ndiyo utafiti.

Hata hivyo yule mgombea alipotaja Wazungu aligusa jambo la kweli, nalo ndilo kiini cha swali lako. FEAST ililipiwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Chanjo ya malaria ya R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023, ilijaribiwa kwa watoto 4,800 wa Kilifi, Bagamoyo, Mali na Burkina Faso, lakini ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Oxford, inatengenezwa na Taasisi ya Serum ya India, na taasisi hiyo ndiyo iliyogharamia jaribio kubwa. Watoto ni wetu, wauguzi ni wetu, watafiti wengi siku hizi ni Wakenya na Watanzania waliobobea, lakini uamuzi wa swali lipi liulizwe mwaka huu na lipi lisubiri hufanywa na anayelipa. Ndiyo sababu sumu ya nyoka ilisubiri hadi 2017 kuingizwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, ilhali wakulima na wafugaji wa Afrika na Asia walikuwa wakifa kwayo siku zote.

Anayelipa akiamua kuacha kulipa, hatuna la kusema. Tarehe 20 Januari 2025, siku ya kwanza ya muhula wake wa pili, Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa, na mwezi Mei Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, zilikuwa zimetangaza kusitisha utaratibu wa vyuo vya Marekani kugawa sehemu ya ruzuku zao kwa washirika wa nchi za nje. Hapa Kenya miradi iliyokuwa ikiendelea ilisimama katikati, wafanyakazi wakapewa barua za kuachishwa kazi, na watafiti wakabaki na sampuli kwenye majokofu ambazo hawakuwa na fedha za kuzipima. Hakuna mkazi wa Kilifi aliyekuwa na kura katika uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2024. Kura aliyonayo ni ya 2027, na anaweza kuitumia kumuuliza mgombea wake kwa nini kazi inayohusu uhai wa watoto wake inategemea uchaguzi wa nchi nyingine.

Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia sahihi makubaliano mapya ya afya ya miaka mitano, ambapo Marekani ilisema itatoa hadi dola bilioni 1.6 na Kenya ikaahidi kuongeza dola milioni 850 za kwake, na muda mfupi baadaye Mahakama Kuu ikazuia utekelezaji wa sehemu inayohusu kupeana data za afya. Mgombea yeyote wa ubunge anapaswa kuwa na maoni juu ya makubaliano haya. Je, anajua kwamba sehemu kubwa yake ni huduma za Ukimwi, kifua kikuu, malaria na uzazi, na kwamba kutoa huduma si sawa na kugharamia utafiti? Anaonaje kuhusu data na sampuli za wagonjwa wa Kenya kutoka nje? Mtu anayesema utafiti ni wa Wazungu angeweza kuanzia hapo na kutoa hoja nzito: tulipie sehemu ya utafiti sisi wenyewe ili tuwe na sauti kuhusu maswali, data na bei. Alivyosema yeye, aliishia kuwaachia uamuzi wale wale anaowalalamikia.

Kuna hatari ya upande wa pili ambayo Wakenya wenye umri wangu wanaikumbuka, nayo ni ya mwanasiasa anayeupenda utafiti kupita kiasi. Mwaka 1990 KEMRI ilitangaza dawa iliyoitwa Kemron, iliyotokana na kiasi kidogo cha interferoni (protini ya kinga ya mwili) kinachomezwa, kuwa tiba ya kutia matumaini dhidi ya Ukimwi. Rais Daniel arap Moi aliizindua hadharani kama fahari ya taifa. Wagonjwa walikuja Nairobi kutoka nje ya nchi kuitafuta. Majaribio yaliyofuata, yakiwemo yaliyofanyika Uganda kwa kulinganisha dawa hiyo na dawa isiyo na kitu ndani, hayakuona faida yoyote. Tatizo halikuwa kwamba watafiti walikuwa na wazo lisilofanikiwa, kwa sababu mawazo mengi ya sayansi hayafanikiwi na ndivyo inavyopaswa kuwa. Tatizo lilikuwa kwamba matokeo yalivishwa bendera kabla ya kuhakikiwa, na baada ya hapo kuyahoji kukaonekana kama kukosa uzalendo. Kwa hiyo msimamo wa mgombea kuhusu fedha za utafiti haukamiliki mpaka useme pia fedha hizo zitagawanywa na nani. Kama ruzuku itaamuliwa na jopo la wanasayansi wanaosoma maombi bila kujua ya nani, na matokeo yatachapishwa hata yakiiudhi wizara, hapo tuna utafiti. Kama itaamuliwa na ofisi ya kisiasa, tutapata Kemron nyingine, na wagonjwa watalipa.

Uliniuliza mpiga kura amuulize nini mgombea. Kabla ya maneno yenyewe, jambo la kwanza ni kulipeleka swali kwa kiti kinachohusika. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeiachia serikali kuu vyuo vikuu na taasisi za utafiti, na imezipa kaunti hospitali za kaunti, vituo vya afya na zahanati. Gavana hana uwezo wa kuipangia KEMRI bajeti, na akikuahidi hivyo anakuahidi mali ya mwenzake. Lakini idara yake ya afya ndiyo watafiti wanayoiomba idhini ya kufanya kazi katika hospitali za kaunti, na serikali yake inaweza kuajiri watu wa takwimu, kuhifadhi rekodi za wagonjwa vizuri, na kudai kwamba matokeo ya utafiti yarudishwe kwa wananchi waliotoa damu yao. Mbunge, kinyume chake, ana kura juu ya bajeti ya taifa, na anaweza kukaa katika kamati ya afya au ya elimu, ambayo ndiyo inayoshughulikia NRF. Seneta hulinda mgao wa kaunti na kuwahoji magavana. Mwakilishi wadi anaweza kuhakikisha kwamba bunge la kaunti limetenga fedha za ufuatiliaji wa magonjwa. Hawa wawili uliowauliza walikuwa wanataka ubunge, kwa hiyo swali lako lilifika mahali pake.

Muulize, basi, kama ameisoma Sheria ya 2013 na kama atadai itekelezwe au atapendekeza irekebishwe kwa kiwango kinachowezekana, kwa sababu sheria isiyotekelezeka huwapa wote kisingizio. Muulize ni shilingi ngapi atakazotetea kwa NRF na kwa KEMRI katika bajeti yake ya kwanza, na atakubali kipi kipunguzwe. Muulize ni magonjwa gani ya eneo lake yanayopaswa kupewa kipaumbele, na usikilize kama atataja malaria, selimundu, sumu ya nyoka au afya ya watoto wachanga, au kama ataishia kusema “magonjwa yote”. Halafu muulize swali ambalo binafsi naliona kuwa gumu kuliko yote: utafiti uliolipiwa na serikali yako ukionyesha kwamba mradi wa afya wa serikali yako haufanyi kazi, utataka uchapishwe? Anayesita hapo amekueleza msimamo wake.

Pata majibu kwa maandishi kama inawezekana. Nchini Marekani, mwaka 2008, kundi la wananchi na wanasayansi liliwapelekea Barack Obama na John McCain maswali 14 kuhusu sayansi na wote wawili wakajibu kwa maandishi, na mwaka 2016 wagombea wanne wa urais walijibu maswali 20. Faida yake ni kwamba jibu lililoandikwa linaweza kuwekwa mezani miaka mitatu baadaye. Sioni kwa nini chama cha walimu, shirika la wauguzi au muungano wa wanafunzi wa vyuo vya Pwani wasiweze kufanya vivyo hivyo kwa wagombea wa eneo bunge moja, kwa Kiswahili, maswali matano tu.

Kutoka huko huko Marekani kuna funzo ambalo watetezi wa utafiti hawapendi kulitaja. Katika uchaguzi wa 2000, George W. Bush na Al Gore wote waliunga mkono kukamilishwa kwa mpango wa kuongeza bajeti ya NIH maradufu, na kweli ilipanda kutoka takribani dola bilioni 13.6 mwaka 1998 hadi bilioni 27 mwaka 2003. Kisha ongezeko likasimama, mfumko wa bei ukaanza kuila, na maabara zilizokuwa zimeajiri vijana na kujenga majengo kwa kutarajia fedha zaidi zikajikuta zinashindania ruzuku chache. Utafiti wa afya huchukua miaka mingi. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilikuwa katika jaribio lake kubwa kuanzia 2009 hadi 2014, Kenya ikaanza kuitoa kwa majaribio katika kaunti za magharibi Septemba 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Hakuna muhula wa mbunge unaotosha kwa hilo. Ndiyo maana fedha kidogo zinazokuja kila mwaka bila kukosa zina thamani kubwa kuliko kiasi kikubwa kinachotolewa mwaka wa uchaguzi na kukatwa mwaka unaofuata, na ndiyo maana ningemuuliza mgombea wa asilimia mbili kuhusu mwaka wa nne na wa tano wa muhula wake kuliko kuhusu mwaka wa kwanza.

Mwisho, namna ya kuhakiki. Wizara ya Fedha hupeleka bungeni taarifa ya sera ya bajeti kufikia tarehe 15 Februari, na makadirio yenyewe kufikia 30 Aprili. Makadirio hayo ni ya umma. Tafuta jina la KEMRI na la NRF, na uangalie safu mbili, ya matumizi ya kawaida na ya maendeleo. Taasisi ambayo fedha zake nyingi za serikali ziko katika matumizi ya kawaida inalipwa mishahara na umeme, na utafiti wake wenyewe unasubiri mfadhili. Kisha, mwaka wa fedha ukiendelea, soma taarifa za Msimamizi wa Bajeti, kwa sababu kutengewa fedha na kupewa fedha ni mambo mawili, na bajeti ya nyongeza inaweza kufuta kimyakimya kile kilichotangazwa Juni kwa shangwe. Kama yeyote kati ya wagombea wako ni mbunge wa sasa, huna haja ya kusubiri ahadi, maana rekodi ya mijadala ya Bunge itakuonyesha kama amewahi kufungua mdomo siku makadirio hayo yalipojadiliwa.

Kati ya wawili uliowataja, kwa majibu waliyoyatoa siku ile, nisingeweza kukushauri umchague yeyote kwa sababu ya utafiti. Wa kwanza anaweza kurekebishika akielezwa kisa cha dripu, kwa kuwa anachokitaka, yaani mgonjwa apone, ni sahihi. Wa pili anahitaji kurudi na hesabu. Kamati za Bunge hupokea maoni ya wananchi kuhusu makadirio kila mwaka kabla ya Juni, kwa hiyo maswali yako unaweza kuyawasilisha huko mapema, na ukawaalika wote wawili waje wayatetee kabla hata ya kampeni kufunguliwa rasmi.